Dozi za Moto Kibarazani

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imeanguka leo saa ya chakula cha mchana, na mkahawa wetu ukabaki mtupu kama darasa wakati wa likizo. Mimi na Mama tulisimama mlangoni tukitazama watu wanavyokimbia. Wengi walijibanza kwenye kibaraza chetu, chini ya bati, lakini hakuna aliyeingia kula. Walitutazama, tukawatazama, mvua ilipopungua wakaenda zao.

Enzi za kiwanda cha ng'ambo ya barabara, saa kama hiyo usingepata hata pa kuegemea. Sasa kiwanda kimegeuzwa chuo cha ufundi, na wanafunzi hawana muda wa kukaa mbele ya sahani ya wali. Maharage yamebaki sufuria nzima. Tumekula sisi, amekula Fundi Cheche, jirani yetu mchomelea vyuma, na bado yamebaki.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Maharage.

Jumamosi, 9 Machi

Kaka amemleta mkewe. Amepata kazi ya kuendesha tingatinga kwenye ujenzi wa bwawa, huko wanalala kwenye mahema, hawezi kwenda naye. Amemshusha mlangoni na begi moja na mwavuli uliovunjika mbavu, akala haraka, akaondoka.

Mama amempokea wifi vizuri kwa mdomo. Kwa macho, sijui. Wifi ni mtu wa milimani, sisi ni watu wa bondeni, na harusi yao ilifungwa huko kwao mwaka jana, upesi upesi, Mama akiwa kitandani na homa kali. Jambo hilo bado limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Hata mimi sijamwelewa huyu wifi. Anaongea polepole, kana kwamba maneno yanapimwa kwa mizani. Nilimwonyesha chumba cha kulala, akashukuru, kisha akauliza jiko liko wapi.

Alhamisi, 14 Machi

Wifi ana tabia ya kukaa kwenye kigoda jikoni na kumwangalia Mama mikono. Hasaidii mpaka aambiwe. Anaangalia tu. Nimeanza kudhani tumeletewa mkaguzi.

Leo mteja, yule mwalimu mzee anayekuja kila Alhamisi, amerudisha mchuzi. Amesema kwa adabu kwamba chumvi imezidi. Si mara ya kwanza mwaka huu. Nimemwambia Mama aonje kabla ya kupakua, naye akanigeukia na mwiko mkononi: "Nimepika hapa kabla hujaota meno. Mkono wangu ndio kipimo."

Mtu akishafikia kusema hivyo huwezi tena kumwambia kitu. Uzee na kiburi ni mapacha.

Jumapili, 17 Machi

Mchana, baada ya kula, Mama ametutangazia kwa sauti ileile anayotumia kusema kwamba vitunguu vimeisha: mvua zikikatika, mahali hapa panachukuliwa na mwenye duka la dawa. Bwana mmoja mwembamba mwenye miwani, nimeshamwona akipita pita na mimi nikadhani ni mteja mwenye haya. Mama amempa neno lake, na neno la Mama si la kugeuka.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema ndiyo ananiambia. Nikapandisha sauti, nikasema nimeyatumikia haya majiko tangu nilipomaliza shule, sikuulizwa hata kwa kope. Mama akainuka akaenda kulala. Ng'ambo ya ukuta mashine ya Fundi Cheche ilikuwa imenyamaza. Nina hakika alikuwa ametega sikio.

Nilimkuta wifi anaosha vyombo. Nilitarajia pole. Badala yake alifuta mikono, akanivuta mpaka dirishani, akanionyesha watu waliojikunyata kibarazani wakikwepa mvua.

"Wifi, wale wana njaa," alisema. "Hawataki kukaa tu. Wape kitu cha kushika."

Kisha akanisimulia jinsi bibi yake, siku za baridi huko milimani, alivyokuwa akiponda viazi na kunde na vitunguu vya kukaanga, halafu kila mtoto anapewa tonge lake mkononi akaote nalo moto. Bibi hakuwa akiyakaanga yale matonge. Lakini wifi amekuwa akiwaza tangu siku ya kwanza alipolitazama karai letu kubwa lililoning'inia ukutani bila kazi: je, yakikaangwa?

Kumbe muda wote ule kwenye kigoda alikuwa anapiga hesabu zake. Sijawahi kumsikia akiongea maneno mengi hivyo. Na mimi, niliyekuwa nimevimba kwa hasira, ghafla nilijikuta nauliza viazi vingapi.

Ijumaa, 22 Machi

Jaribio la kwanza. Tumeponda viazi na kunde, tumefinyanga vidonge vizuri vya kutia mdomoni mara mbili, tumevigaragaza kwenye unga, tumetumbukiza. Kwa muda wa kupepesa jicho vilikuwa vimekaa kwenye mafuta kama mayai ya dhahabu. Halafu kimoja kikapasuka. Kikafuata kingine. Mafuta yakarukaruka, sisi tukarukaruka, mwisho karai likawa limejaa uji wa kahawia.

Mama aliingia, akachungulia. "Vitu vya kudonoa ni vya kuku," alisema. "Mtu huketi, akala." Akatoka.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na wifi naye akacheka, akiwa ameziba mdomo kwa pindo la aproni.

Jumanne, 26 Machi

Vimefumuka tena. Tumeongeza unga: vikawa vigumu kama gololi nje, vibichi ndani. Tumepunguza unga: uji. Fundi Cheche amekula ule uji kwa kijiko na kusema kwamba yeye hana ugomvi nao.

Jumatano, 27 Machi

Uji.

Jumanne, 2 Aprili

VIMESHIKA.

Acha niandike kwa mpangilio. Jana jioni tulikata tamaa. Mchanganyiko ulikuwa tayari, lakini hatukuwa na moyo wa kuona tena karai likichafuka, kwa hiyo wifi aliutandaza kwenye sinia akauacha dirishani, upepo wa mvua ukiupiga usiku kucha. Asubuhi tulikuta umekauka juu na kuwa mgumu kiasi cha kukatika kwa kisu. Wifi akautazama. Mimi nikamtazama wifi. Tulikimbilia kiberiti.

Safari hii tulikata vidonge, tukavichovya kwenye yai, tukavigaragaza kwenye chenga za mkate mkavu. Vilizama, vikatulia kidogo chini ya karai kana kwamba vinafikiri, halafu vikapanda juu vyote kwa pamoja, vizima, vikizunguka. Nilivitoa vikiwa na rangi ya ngozi ya tende. Nilipouma cha kwanza kilisema *kraa*, na ndani mvuke wa kunde na kitunguu ukanijaa mdomo hadi puani. Nimeungua ulimi na sijali.

Tatizo letu lilikuwa haraka. Tulikuwa tunapika kitu cha moto kutoka kitu cha moto. Kilihitaji kupumzika tu.

Mchana huohuo na mimi nikatengeneza vya kwetu bondeni: wali uliobaki, umekandwa na dengu nzito iliyoungwa bizari na kitunguu saumu, chakula ambacho Mama alikuwa akitupikia tukiwa wagonjwa. Nao ukapumzika hadi jioni, nao ukashika. Tumesimama na wifi katikati ya jiko, kila mmoja ana cha mwenzake mdomoni, tukitikisiana vichwa kama wendawazimu.

Ijumaa, 5 Aprili

Leo tumeuza. Mvua ilianza wakati wanafunzi wanatoka, kibaraza kikajaa pomoni, na mimi nikatoka na sinia linalofuka moshi. Mwanzo walitazama kando. Kisha msichana mmoja mwenye ovaroli la umeme akachukua kimoja, akauma, akageuka na kuwaita wenzake.

Fundi Cheche ndiye aliyevipa jina. Alipenya katikati ya watu na miwani yake ya kuchomelea ikiwa utosini, akatangaza kwamba kwa baridi hii daktari amemwandikia dozi ya asubuhi, mchana na jioni. Watu wakacheka. Mpaka sinia linaisha hakuna aliyeviita kitu kingine. Dozi ya mlimani, dozi ya bondeni.

Mama hakutoka ndani. Nilimpelekea kwenye kisahani, cha moto kabisa. Akasema ameshiba.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua kubwa. Dozi zimeisha kabla haijakatika.

Jumatano, 10 Aprili

Zimeisha tena. Nina malengelenge mawili kwenye kiganja na wimbo kichwani.

Jumamosi, 13 Aprili

Mwenye duka la dawa amekuja kupima kuta. Wanafunzi wanamwita Bwana Dawa, na sasa hata mimi siwezi kumwita vingine. Alipima chumba cha mbele kwa futi kamba huku mkono wa pili ameshika dozi ya bondeni, na kila akimaliza ukuta mmoja anauma. Nilitamani imkwame. Haikumkwama. Alilamba vidole, akaniuliza kwa upole kama nimetia giligilani.

Nilimfuata Mama jikoni. Nilimwambia watu wanakuja sasa, anawaona kwa macho yake, kwa nini tusimwombe yule bwana atuachie. Akasema neno ni neno. Nikamwambia basi angalau aonje, aonje kimoja tu, ajue ni nini anachokifunga. Alikuwa anachagua mchele. Hakuinua kichwa.

Sasa ni zaidi ya wiki na hajatia kimoja mdomoni. Namwelewa asiyempenda mkwe wake. Simwelewi mama anayekataa kuonja jasho la mwanawe.

Alhamisi, 18 Aprili

Mikono yangu inanuka moshi na sabuni. Nitaandika yote, maana leo nimejua kwamba mwezi mzima nimekuwa nikimwandika vibaya humu mtu nisiyemjua.

Mvua ilikuwa ya upepo. Mimi na wifi tulikuwa kibarazani na sinia la kwanza. Mama alikuwa jikoni. Alikuwa amekubali, kwa kununa, kutuwashia karai la pili huku akikata vitunguu. Nilikuwa natania na wale wasichana wa umeme mara wifi akainua pua. Aliniachia sinia mikononi bila neno, akaingia ndani mbio.

Nilipofika nilikuta moshi mweusi umetanda darini. Mafuta yalikuwa yakiwaka, ulimi wa moto unalamba ukuta. Na Mama alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka pale, amelipa karai mgongo, anakata vitunguu kwa utulivu kana kwamba yuko bustanini. Wifi alimvuta kwa kiuno, akafunga gesi, akachukua sinia kubwa la bati akalifunika karai. Moto ukakohoa, ukafa. Mimi nilikuwa bado mlangoni na dozi zangu.

Mama alituangalia mmoja mmoja. "Kuna nini?" aliuliza.

Ukuta wote mweusi. Macho yetu yanatiririka. Anauliza kuna nini.

Tulimtoa hadi chumba cha mbele, tukamkalisha. Nilianza kufoka, ule ufokaji wa mtu aliyeogopa. Nilimwambia kama masikio na macho yamechoka aseme. Akatikisa kichwa. Wifi alipiga magoti mbele yake, akamshika mikono, akamuuliza taratibu, "Mama, ni tangu ile homa?"

"Sisikii," alisema.

Nikauliza hasikii nini.

"Harufu. Ladha. Sisikii kitu, mwanangu. Mchuzi ni maji, wali ni pamba. Pilipili tu ndiyo inayonigonga, na yenyewe inagonga kama mtu aliye nje ya mlango."

Kisha yakatoka yote. Tangu homa ya mwaka jana hajawahi kusikia hata harufu ya kitunguu kinachoungua. Amekuwa akipika kwa kumbukumbu, na kumbukumbu ya mkono ilianza kumdanganya kwenye chumvi. Aliwaona wateja wanavyoacha chakula. Hakuthubutu kumwambia mtu. Alisema mpishi asiyeonja ni dereva asiyeona, na mwenye akili hushuka garini kabla hajaua mtu. Ndiyo maana alimpa Bwana Dawa neno lake. Na ndiyo maana hakuonja dozi zetu: aliogopa nitamuuliza zikoje, na yeye tangu nizaliwe hajanidanganya juu ya chakula.

Wifi alikuwa amehisi tangu wiki ya kwanza. Alikaa kwenye kile kigoda akaona kwamba Mama hafunui sufuria kunusa, hapeleki mwiko kiganjani. Hakusema kwa sababu, kama alivyoniambia baadaye tukisugua masizi, mgeni haanzi kwa kufunua sufuria za wenyeji.

Mimi ni binti yake wa kumzaa, tumekula meza moja mwaka mzima, nikaona kiburi.

Jumamosi, 20 Aprili

Tumepaka ukuta chokaa. Mama ameshika brashi, amesema hili angalau halihitaji ulimi. Tulicheka, lakini taratibu.

Jumatano, 24 Aprili

Leo limetokea jambo na bado damu inanichemka kwa furaha.

Nilikuwa nakaanga, Mama amekaa kwenye kigoda, macho ameyafumba. Nilidhani amesinzia. Nilikuwa nasubiri rangi kama kawaida yangu, mara akasema, "Toa."

Nikamwambia bado. Akasema toa. Nikatoa kimoja, nikakivunja: kikavu nje, laini ndani, hakijanywa hata tone la mafuta. Zile nilizozisubirisha ndizo zilizokuwa zimepitiliza.

Nikatia fungu jingine, nikasubiri. Mama akainamisha kichwa kidogo upande. Mwanzo mafuta yanapiga kelele kama soko, alinieleza, kwa sababu ya maji yaliyomo. Maji yakianza kuisha kelele inashuka, inakuwa kama watu wanaoongea chumba cha pili. Ikiwa mnong'ono, toa. Amesema alikuwa anaijua siku zote, ila pua ilikuwa inatangulia na masikio hayakupata nafasi ya kuzungumza.

Wifi akampa kimoja. Mama akasita, akakitazama, akauma. *Kraa.* Akatafuna polepole, na sisi tumesimama kama watuhumiwa wanaosubiri hukumu.

"Ladha sijui," alisema. "Lakini hiki kinaongea." Akachukua kingine, cha lile fungu lililopitiliza, akauma. "Hiki kinalalamika."

Amekula sita. Amekula kwa kusikiliza. Sijamwona akila kwa hamu namna ile tangu mwaka jana, na nilishindwa kujizuia, nilitoka nje nikamkumbatia Fundi Cheche, ambaye hakujua kimetokea nini lakini hakukataa.

Jumapili, 28 Aprili

Katibu wa chuo, mama mnene mwenye sauti ya kengele, amevuka barabara mwenyewe. Wanafunzi wa kwanza wa chuo wanahitimu Jumamosi ya tarehe 18 Mei, jioni, pamoja na wazazi wao, na wamegoma kula keki. Wanataka dozi. Ukumbi mzima.

Nilipotaka kuruka, Mama alinishika bega, akamwambia Katibu tutafanya. Kisha akatuma Bwana Dawa aitwe.

Nilijua hatavunja neno lake. Hakulivunja. Alimkalisha, akamweleza ugonjwa wake waziwazi, kama mgonjwa kwa mtu wa dawa, halafu akamwambia chumba cha mbele ni chake kama walivyoagana, meza zitoke. Ila wakati wanaagana, hakuwa anajua kwamba kuna chakula kisichohitaji meza. Je, jiko na kibaraza angeviacha? Yeye dawa zake haziuzwi jikoni.

Bwana Dawa alivua miwani akaifuta. Alisema kwa kweli jiko lilikuwa linamsumbua, hakujua angeliweka nini, na kwamba wateja wa dawa wakisubiri zamu yao watakuwa na njaa. Kisha akaomba jambo moja: ukuta wa kutenganisha uwe na dirisha.

Nimemchukia mtu huyu mwezi mzima bure.

Jumatano, 8 Mei

Mazoezi kila siku. Wifi ndiye anayeonja. Ana ulimi wa ajabu, anakutajia hata bizari iliyokaa dukani muda mrefu. Mama ndiye anayekaanga. Mimi nafinyanga na kugombana na wauza viazi.

Wifi amebuni ya tatu: anafunga dengu yetu nzito katikati ya viazi na kunde vya kwao, mlima nje, bonde ndani. Mama alipoivunja na kuona rangi mbili alizileta nusu zote karibu na macho.

"Basi harusi hii angalau nimeihudhuria," alisema.

Wifi aliinamisha uso. Mama akamwekea nusu nyingine mdomoni kwa mkono wake.

Alhamisi, 16 Mei

Mvua haipumui. Masinia ya mchanganyiko yamejaa mpaka juu ya kabati, mpaka kitandani kwangu. Nalala na viazi.

Jumapili, 19 Mei

Jana sikuandika, nilikuwa siwezi kunyanyua kalamu. Naandika sasa, asubuhi, wenzangu bado wamelala.

Mpango wetu ulikuwa kukaanga hapa na kuvusha masinia. Alasiri mvua ilishuka kama iliyokatiwa kamba, barabara ikawa mto wa maji ya matope hadi magotini. Sinia la kwanza nililivusha mwenyewe, limefunikwa vizuri. Nilipolifunua ukumbini, mvuke ulikuwa umezilainisha zote. Niliuma moja. Haikusema kitu. Ilikuwa kama kuuma sponji.

Nilirudi nikilia, nikamwambia Mama. Aliniuliza wageni wameshafika? Nikasema wameanza. Akafungua aproni, akaifunga upya kwa nguvu.

"Dozi haziendi kwao," alisema. "Karai liende."

Naona mbele yangu ule msafara mpaka sasa: Fundi Cheche mbele na mtungi wa gesi begani, wifi na jiko kichwani, mimi na karai, wasichana wa umeme wamekunja magauni yao ya mahafali wakabeba masinia juu juu, na nyuma Bwana Dawa amemshika Mama mkono, mwavuli wake wote umemfunika Mama, yeye analowa kama kitambaa cha kudekia. Tukavuka.

Tukatega jiko kwenye varanda ya ukumbi. Mafuta yakapata moto. Mama akasimama mbele ya karai, nikatia fungu la kwanza, akainamisha kichwa.

Hapo ndipo nilipoona uso wake unabadilika. Ukumbi umeezekwa kwa bati, na juu ya bati lile mvua ilikuwa inapiga ngoma ya mamia ya mikono. Nilikuwa simsikii hata mimi niliye pembeni yake. Aliinama zaidi, mpaka nikahofia nywele zake zisishike moto. Akatikisa kichwa. Midomo yake ilisema neno lilelile: *Sisikii.*

Wifi alisogea kutaka kushika usukani, akaange kwa kuangalia rangi. Lakini Mama hakumpisha. Alikuwa ameshika ule upawa mrefu wa chuma wenye matundu, ncha yake imezama kwenye mafuta. Nikaona anatulia. Akafumba macho. Akalegeza vidole vyote isipokuwa viwili, akaushika upawa kama mtu anayempima mgonjwa mapigo ya moyo. Nilihesabu pumzi zangu mwenyewe. Kisha akageuza uso, akaniwekea mdomo sikioni.

"Naisikia mkononi," alisema. "Inatetemeka. Sasa imetulia. Toa."

Nikatoa. Nikavunja moja. Sijui niiandikeje. Ilikuwa kamilifu kuliko zote za msimu huu.

Baada ya hapo sikumbuki utaratibu, nakumbuka moto na mvuke na mikono. Fungu kwa fungu, toa, toa, toa. Masinia yalikuwa yakiingia ukumbini yanafuka na kurudi matupu kabla sijafuta jasho. Wazazi walitoka na viti vyao kuja kukaa varandani karibu na karai. Mzee mmoja, baba wa yule msichana wa ovaroli, alikula moja ya mlimani, halafu akaniambia kwa sauti ndogo kwamba hajala chakula cha kwao tangu ahame, na hakuwahi kukila kikiwa na ganda. Alirudi mara nyingine. Alirudi mara nyingi.

Mwishoni mvua ilipungua na Katibu akamvuta Mama hadi katikati ya ukumbi, kama walivyo wenye sauti za kengele. Watu wakapiga makofi. Katibu akamuuliza mbele ya wote, katika zile tatu, mpishi mwenyewe anaipenda ipi?

Angeweza kutaja yoyote. Nani angejua?

Mama alisubiri makofi yaishe. Akasema yeye haonji. Alisema ni mwaka sasa ulimi wake umezimika na pua yake imezimika, na kwamba alifikiri mpishi wa namna hiyo kazi yake imekwisha, mpaka alipoletewa ulimi mwingine nyumbani. Akamwita wifi kwa mkono. Wifi alikuwa na unga hadi nyusi, hakutaka kuja, nikamsukuma.

"Muulizeni huyu binti yangu," Mama alisema. "Yeye anaonja, mimi nakaanga."

Wifi, ambaye maneno yake hupimwa kwa mizani, alijifuta unga usoni. Kisha akasema, kwa sauti iliyofika hadi kwangu mlangoni, kwamba anapenda ile ya harusi.

Jumapili, 26 Mei

Siku ya nne bila mvua. Seremala anagongomea ukuta wa mbao, dirisha limeshakaa. Bwana Dawa ameanza kupanga chupa. Tulidhani bila mvua watu hawatasimama kibarazani. Wamesimama, tena mpaka barabarani, wakilalamikia jua.

Alasiri nilikuwa natoa sinia nikamwona Kaka anashuka kwenye lori, mweusi kwa jua la bwawani, na begi lake. Alinisalimu, akachungulia juu ya vichwa vya watu, akaita mkewe atoke, maana amechoka na ana njaa na amemkumbuka. Wifi alinyanyua uso kutoka kwenye dengu, akang'aa kama taa, lakini mikono ilikuwa imezama hadi viwiko.

Mama hakugeuka kutoka kwenye karai.

"Mkeo yuko kazini," alimwambia. "Panga foleni."

Kaka alinitazama. Nikamwonyesha mwisho wa foleni ulipo. Akaliweka begi begani, akaenda akapanga.